Nenda Hija Kwanza, Ndipo Tulipime Duka

Mzee mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko la Suuq Mugdi alikuja ofisini kwangu na swali moja tu. "Abti (mjomba), duka langu ni shilingi ngapi?" Alikuwa amechoka. Alitaka kumwachia mpwa wake kwa bei ya haki, naye aende Balambala akakae na ngamia wake. Bei alikuwa nayo kichwani: milioni 4. Nilikaa na karatasi zake siku tatu. Nikahesabu sukari, unga, mchele, tambi na mafuta kwa bei ya kununulia, nikahesabu rafu, mizani na friza mbili, nikaongeza kile ambacho mtu angekubali kutoa ili apate chumba mahali pale penye watu wengi. Nikaishia milioni 1.7. "Na jina je?" akauliza. "Miaka 26 mji mzima unanijua." Nikamwambia jina lake lina thamani kubwa, ila akiondoka anaondoka nalo. Alimaliza chai, akaniombea dua huku akitazama mlango, akatoka.

Nimefanya hesabu za wafanyabiashara wa Garissa na Wajir kwa miaka mingi, na msimamo wangu nauweka wazi hapa ili asiyekubaliana nami asipoteze muda: biashara isiyoweza kusimama bila mwenyewe ni kazi, tena kazi ambayo mfanyakazi ametia mtaji wake na nyumba yake rehani. Neno "kazi" halina aibu ndani yake. Limesomesha madaktari na mahakimu wa mji huu. Madhara huanza pale tunapoikopea kazi kama kampuni, tukairithisha kama kampuni, na siku ya kuchoka tukataka kuiuza kama kampuni.

Wamarekani wana usemi wao kuhusu jambo hili, ulioenezwa sana na kitabu cha Michael Gerber, The E-Myth, cha mwaka 1986. Mimi natumia kipimo cha hapa. Namuuliza mtu: ukienda Hija, duka linabaki na nani? Safari yenyewe ni ya wiki kadhaa, na sharti langu ni simu ibaki nyumbani, kwa sababu mahujaji wetu wa siku hizi huendesha maduka kwa WhatsApp wakiwa Mina, na hiyo kwangu haihesabiki. Ukirudi ukakuta mzigo umeagizwa, wadeni wamelipa, mshahara umetoka na hakuna aliyekuwa akingoja "Haji arudi kwanza", una kampuni, hata kama ni kibanda cha mabati. Ukikuta rafu tupu na watu wamejaa barazani wakikusubiri ukate shauri, una kazi, na ulikuwa likizoni bila malipo.

Kwa nini iwe hivyo? Tazama duka la kawaida la hapa linavyokwenda. Mwenye ghala la Eastleigh ya Nairobi, Isili yetu, hutoa mzigo kwa mali kauli: chukua leo, lipa baada ya wiki tatu. Hakuna mkataba. Kilichopo ni kwamba baba yako anamjua mjomba wake, na kwamba mwaka ule barabara ilipokatika ulilipa hata hivyo. Mzigo ukifika, nusu yake hutoka tena kwa mkopo kwa wenye maduka madogo wa Dadaab, Modogashe na Masalani, na anayejua nani apewe magunia matano na nani apewe moja ni mtu mmoja. Fedha hupita kwenye laini moja ya simu, yenye jina la mtu huyohuyo na nambari ya siri anayoijua peke yake. Bei hupangwa kwa kutazama uso wa mteja. Kwa hiyo mali kubwa ya duka haimo kwenye rafu. Imo kwenye kumbukumbu ya mwanadamu mwenye umri wa miaka 61 na kisukari.

Mwanauchumi Ronald Coase aliuliza mwaka 1937 swali ambalo wengi waliliona la kitoto: kama soko linafanya kazi vizuri, makampuni ni ya nini? Jibu lake ni kwamba kutumia soko kuna gharama. Kumtafuta wa kuuziana naye, kubishana bei, kuhakikisha amelipa, kila mara na kila siku, kunakula muda na fedha. Kampuni huzaliwa pale gharama hizo zinapogeuzwa utaratibu wa ndani. Njoo sasa soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano umtazame dalali. Mnunuzi wa Nairobi hamjui mfugaji aliyetembeza ng'ombe siku nane. Mfugaji hamjui mnunuzi. Dalali anawajua wote wawili, na anasimama dhamana kwamba mnyama si wa wizi. Gharama zote za Coase zimebebwa na uso wa mtu mmoja aliyevaa kikoi cha macawiis na kushika fimbo. Huyo ana kazi, na ni kazi nzuri. Washauri wa miradi wanaokuja kumwambia asajili kampuni wanamsumbua bure, kwa sababu kitu anachouza hakiwezi kutenganishwa naye.

Kuna watu watakaoniambia kwamba hapa nimeuona mti nikakosa msitu: biashara za Wasomali hazifi, zinapita mkono kwa mkono ndani ya ukoo. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ule wanaoudhani. Kinachodumu ni mtandao. Avner Greif aliwachambua wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Maghribi wa karne ya 11, waliotuma mali kupitia Bahari ya Mediterania kwa mawakala walio mbali bila mahakama ya kuwalinda. Aliyemdhulumu mmoja wao alinyimwa kazi na wote. Kati ya Isili na Mandera mambo huenda vivyo hivyo. Ukimdhulumu mwenye ghala, habari zinafika kwa mkwe wako kabla ya lori. Kwa maana hiyo kampuni halisi ya Kaskazini Mashariki mara nyingi ni ule mtandao, na duka la Garissa ni mkono wake mmoja. Mwenye duka anadhani ni mwajiri, kumbe ni meneja wa tawi asiye na barua ya kazi. Akifa, mtandao unampata mwingine ndani ya wiki mbili. Watoto wake ndio hawapati kitu.

Soko lenyewe limekwisha kutoa hukumu juu ya thamani ya jina la mwenye duka, kwa fedha taslimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge huko Eastleigh ilianza kugeuzwa maduka: wakimbizi kutoka Somalia waliuzia bidhaa katika vyumba vya kulala, hadi jengo zima likawa soko, na mtaa mzima ukaiga. Leo anayetaka kuingia katika kibanda kizuri cha Isili hulipa gudwili, yaani fedha za kuingilia. Lakini mpokeaji hulipwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mahali. Jina lake, wateja wake na daftari lake haviingii katika bei. Anayeingia anafuta maandishi ya juu ya mlango siku ileile. Hilo ndilo nililomwambia mzee wangu, kwa lugha ya chini zaidi.

Je, mtu anaweza kuvuka kutoka kazi hadi kampuni? Mfano tunao, na sote tumewahi kupanga foleni mbele yake. Mohamed Said Duale alianza biashara ya Dahabshiil mjini Burao mwaka 1970, mtu na duka lake, akiwasaidia Wasomali walioko Ghuba kupelekea jamaa zao fedha. Vita vilipofika Burao mwaka 1988 alipoteza karibu kila kitu akakimbilia Ethiopia, akaanza tena miongoni mwa wakimbizi. Angalia alichobaki nacho: mali ilikwisha, lakini watu walioamini kwamba akisema fedha zitafika, zitafika, walikuwa bado wapo. Mpaka hapo ni hadithi ya mtu. Kuvuka kulikuja baadaye, wakati uaminifu ule ulipohamishiwa kwenye mfumo: wakala wa kambi ya Hagadera asiyemjua Duale kwa sura akawa anatoa fedha kwa sababu ya nambari na stakabadhi, na mwana, Abdirashid, akaongoza bila wateja kuuliza baba yuko wapi. Mama anayepokea dola mia kutoka Minneapolis anaiamini karatasi. Hapo ndipo pagumu, na wengi wetu hatujafika.

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, yaani za kupeleka fedha. Ziliruhusiwa kufungua tena Juni. Ninaikumbuka miezi ile kwa sababu ilitenganisha watu. Makampuni yaliyokuwa na hesabu, wanasheria na matawi katika nchi nyingine yalinyamaza yakangoja. Mawakala wadogo waliokuwa na kaunta moja na kazi moja walianza kuuza mbuzi wiki ya tatu.

Sasa niguse dhana potofu ambazo husikika kwenye kila baraza. Ya kwanza: "Mimi nina kampuni, hati hii hapa." Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 mtu mmoja pekee anaweza kusajili kampuni Kenya, na kaunti zilipoanza kutoa zabuni, hati za CR12, zinazoonyesha wamiliki wa kampuni, zilijaa mjini kama kalenda za benki. Nyingi ni kampuni za mkobani. Hati si upuuzi, na sitaki nisikike hivyo. Mwaka 1897 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya fundi wa viatu aitwaye Salomon, aliyekuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake, sita zikiwa za jamaa zake. Sheria ilisema pale pana watu wawili: Salomon na kampuni. Wateja wake waliona fundi mmoja. Sheria na wateja wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa swali lake. Hati inakulinda na wadai, inaiwezesha akaunti ya benki kuishi baada yako. Haiwezi kumfanya mwenye ghala wa Isili amwamini mwanao.

Ya pili ni ukubwa. Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 hupima kwa wafanyakazi na mauzo: chini ya watu kumi na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka, wewe ni mdogo kabisa. Kwa kodi na leseni inafaa. Kwa swali letu haisaidii, kwa sababu ninamjua mwenye maduka manne asiyeweza kulala Nairobi usiku mmoja, na ninawajua akina mama watano wenye jokofu moja la maziwa ya ngamia wanaopokezana zamu, kila mmoja akijua bei, akijua wachukuzi, akijua basi gani linafika mapema kabla maziwa hayajaharibika. Hao watano wana kampuni, japo hawajawahi kulitamka neno hilo. Ushirika wa wanawake wa Anolei wa Isiolo, unaopeleka maziwa ya ngamia Nairobi, ulikua kwa njia hiyohiyo ya kuifanya kazi ya mmoja ijulikane na wengi.

Ya tatu huniudhi zaidi: kwamba kampuni ni mambo ya Kizungu na sisi tuna njia zetu. Njia zetu zilijua mambo haya zamani. Fiqhi ina shirka, yaani ubia, na mudharaba, ubia wa mwenye mtaji na mwenye kazi, na ina wakfu, mali isiyokufa na mwenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika madeni. Anayetaka kwenda Hija hutakiwa alipe madeni yake na aandike wasia. Nimewahi kuona karatasi za mahujaji zilizoandikwa usiku wa kuamkia safari, nani ananidai, namdai nani, amana ya fulani iko kwa fulani, na nasema bila mzaha kwamba ni ripoti bora za fedha kuliko nyingi nilizotia saini mwenyewe. Tatizo ni kwamba huandikwa mara moja maishani.

Ila nisiwe mkali bila haki. Watu wa hapa wana sababu ya kuogopa karatasi. Novemba 1980 vikosi vya serikali viliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi, hapahapa Garissa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuhakikiwa uraia na kupewa kadi ambayo Mkenya mwingine hakuwa nayo. Hali ya hatari iliyowekwa eneo hili haikuondolewa hadi 1991. Aliyekulia humo alijifunza kuweka mali kwenye kitu kinachotembea au kwenye kifua cha ndugu. Na kwa mfanyabiashara wa Mandera ambaye mpaka anaoutegemea ulifungwa rasmi kwa zaidi ya miaka kumi, daftari safi liliweza kuwa ushahidi dhidi yake. Ushauri unaosahau haya hauna faida.

Turudi kwenye hesabu ya mzee, kwa sababu humo ndimo ugonjwa ulipojificha. Aliniambia anapata faida ya shilingi 85,000 kwa mwezi. Nikamuuliza: ukimtafuta mtu mwaminifu wa kukaa hapa siku saba, alfajiri hadi isha, atakubali ngapi? Akasema 40,000. Kijana anayelala dukani, halipwi, hula nyumbani: 15,000. Mwana anayeendesha gari la mizigo naye halipwi: 15,000. Madeni yasiyolipwa, tukakubaliana 10,000 kwa mwezi, na alikuwa mkarimu. Imebaki 5,000, yaani 60,000 kwa mwaka juu ya mali ya milioni 1.7. Ni kama asilimia 3.5, na zaka ya bidhaa peke yake ni asilimia 2.5. Kilichomlisha miaka 26 ni mshahara wake aliokuwa akiuita faida. Mtaji wake ulikuwa umelala.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza haihitaji wakili wala serikali: jiandikie mshahara. Hata kama hautatoka, uandike. Miezi sita ikipita utajua kama una kampuni ndogo au ajira yenye kodi ya pango. Ukigundua ni ajira, ishi kama mwajiriwa mwenye busara: usirundike kila shilingi dukani. Toa. Nunua kiwanja, weka katika chama cha akiba kisicho na riba, endelea na ayuuto yako, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu. Ukame uliomalizika 2023 ulikuwa wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, na maeneo kame ya Kenya yalipoteza zaidi ya mifugo milioni 2.5, kwa hiyo sisemi yote yaende kwa ngamia pia.

Ukitaka iwe kampuni, kazi ni ya kuhamisha uaminifu, na huhamishwa kwa miguu. Mpeleke mpwa Isili. Mkalishe mbele ya mwenye ghala, aagize yeye, alipe yeye, wewe ukae kimya ukinywa chai. Mara tano, mara kumi, mpaka mzigo utoke kwa jina lake. Laini ya malipo iandikishwe kwa biashara, na mtu wa pili aweze kuiendesha. Daftari liandikwe ili mgeni alisome.

Na mirathi. Mwenye duka akifa, akaunti hufungwa, madeni hutangulia, na kilichobaki hugawiwa kwa mafungu yanayojulikana. Mke mwenye watoto hupata thumni. Sasa jaribu kugawa thumni ya magunia ya sukari na daftari lisilosomeka. Nimekaa nje ya mahakama ya Kadhi na familia zilizouza kila kitu kwa bei ya kutupa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kugawa. Kampuni, kwa asili yake, ni mafungu tayari. Tunaziita hisa. Thumni ya hisa 1,000 ni hisa 125, na duka halifungi hata siku moja. Mashekhe wetu wangeweza kulieleza hili msikitini vizuri kuliko mimi, na ningependa waanze. Wakopeshaji nao, hata wale wa Kiislamu, waache kutazama jengo na wamuulize mkopaji nani mwingine anaweza kuagiza mzigo. Hazina ya Hustler, mikopo ya serikali kwa simu iliyozinduliwa Novemba 2022, angalau ilikuwa na ukweli wa aina yake: ilimkopesha mtu na laini yake, bila kujifanya inakopesha kampuni. Wengi wetu hatukuigusa kwa sababu ya riba, ila katika hilo ilijua inamshughulikia nani.

Nikiri jambo. Ofisi yangu hii, yenye bango na kiti cha kuzunguka, hufungwa kila ninapokwenda Wajir. Nina kazi. Najilipa mshahara, nimeuandika, na sina mpango wa kumuuzia mtu bango.

Mzee wa Suuq Mugdi alirudi baada ya wiki tano. Bei hakuitaja. Alikuja na mpwa wake na madaftari matatu yaliyofungwa kwa raba, tukaanza kuandika wadeni upya, jina, mahali, kiasi. Kufikia adhuhuri tulikuwa nao 212. Kati yao 31 hawakuwa na majina: "yule wa Bura wa Probox nyeupe", "mama mapacha", "mwalimu". Mpwa akauliza mwalimu yupi. Mzee akafumba macho kidogo, akasema walimu ni wanne, wote wanalipa ila mmoja, na huyo mmoja baba yake analipa mwezi wa Ramadhani. Mpwa akafungua ukurasa mpya.